Mama Hapendi Hospitali

Dada yangu ana utani wake: eti mama kaajiriwa hospitali, bado sare tu. Ukilifungua daftari lake la kliniki huwezi kumlaumu. Mwaka jana peke yake nilihesabu tarehe thelathini na moja za kwenda hospitali. Na mama si mgonjwa wa kitandani. Ana miaka 74, anaishi kwake huko Tanga vijijini, anapika, anafuga kuku, na kesi yake na jirani mwenye mbuzi haijaisha mpaka leo.

Tulikaa mkekani tukazipitia tarehe zote, yeye akikumbuka, mimi nikiandika. Safari alizokwenda kwa kuwa anaumwa zilikuwa 6. Kliniki ya presha, 12. Magoti na macho, 6. Zilizobaki 7 ni za "rudi wiki ijayo": dawa imekwisha, mashine mbovu, daktari yuko semina.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema wazee wanapenda hospitali, namuuliza: nani aliyeandika hizo tarehe?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na matibabu bure kwa wazee wasiojiweza tumeyasikia miaka yote. Mama ana kitambulisho chake, na dirisha la wazee lipo. Lakini bure inaanzia dirishani. Bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, na dawa isipokuwepo anaelekezwa duka la nje. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi saa tisa mchana, kwa vidonge vya siku 30.

Hapo ndipo ninapogoma. Mtu anayetumia ARV, dawa za VVU, hali yake ikitulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, akakaa nazo nyumbani. Utaratibu huo tunao hapa hapa Tanzania na unafanya kazi. Najua ARV zimebebwa na fedha za wafadhili, dawa za presha hazina mfadhili, na mfamasia mwenye kopo moja anagawa kidogo kidogo ili kila mtu apate. Namwelewa mfamasia. Nisichokielewa ni kwa nini upungufu wa stoo ulipwe na magoti ya bibi wa miaka 74.

Tena safari huzaa safari. Mama alianzishiwa amlodipini, dawa nzuri ya presha, ila kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Miguu ikavimba. Akaenda, akamkuta mhudumu mwingine, akapewa dawa ya kukojoa ili maji yapungue. Sasa akawa anaamka usiku mara tatu kwenda chooni, na choo chetu kiko uani. Usiku mmoja akaanguka. Goti likauma, akapewa diklofenaki, na diklofenaki ikitumiwa mfululizo huweza kupandisha presha. Presha ikapanda. Mwezi uliofuata akaongezewa dozi ya amlodipini! Kila aliyemhudumia alitibu alichokiona mbele yake. Ugonjwa ulikuwa mmoja, tarehe zikawa tano, na hakuna aliyerudisha kurasa za daftari nyuma. Aliyezirudisha ni daktari kijana aliyekuwa zamu siku ya watu wachache. Alimbadilishia dawa ya presha, akafuta nyingine mbili. (Usimwachishe mzee wako dawa kwa sababu ya makala hii. Beba daftari, ukaulize.)

Dada ana hoja moja ambayo siibishii. Siku ya kliniki mama huvaa khanga mpya. Pale kwenye benchi anakutana na wenzake, wanapeana habari za misiba na bei ya karafuu za chai. Upweke upo, na sisi watoto tuliokimbilia Dar tunachangia. Lakini mwenye upweke anahitaji watu, na kukaa foleni kwa muda wa saa sita si njia ya kumpatia watu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Kama mmoja wao angepita na kipimo cha presha na kumwachia mama vidonge vya miezi mitatu, kwa hesabu yangu safari nane zingekufa hapo hapo.

Kwetu bado hajafika. Nikanunua kipimo cha mkononi, nikamfundisha mama: kaa kimya dakika tano, mkono juu ya meza, usiongee. La kutoongea lilimshinda, mengine akayashika. Majirani wakapata habari. Jumapili nilimpigia simu, hata salamu hatukuzimaliza.

"Nipigie baadaye, mwanangu. Nina foleni hapa."