Kama Amin Angekuwa na Nyuklia

Desemba 8, 2022, saa tano kamili asubuhi, simu zote kwenye ukumbi wetu wa chakula zililia kwa mpigo. Ule mlio haufanani na wa mtu kukupigia, unapasua masikio. Ujerumani ilikuwa inajaribu kwa mara ya kwanza mfumo wa kutuma tahadhari kwenye simu za nchi nzima, na king'ora cha nje nacho kikajibu. Sisi wahudumu tulijua. Karatasi ilibandikwa mlangoni wiki nzima. Lakini bibi niliyekuwa namkatia tufaha alikuwa na miaka 91 na karatasi za mlangoni alikuwa hazisomi tena. Alinikamata kifundo cha mkono, na kwa lafudhi yake nzito ya Saxony akaniuliza kama tumeshachukua mablanketi.

Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Dresden, jimbo la Saxony. Usiku wa Februari 13, 1945, ndege za Waingereza zilianza kuuchoma mji huu, Wamarekani wakaja mchana wake, na watu wapatao 25,000 wakafa. Bibi huyu alikuwa na miaka 13. Ilinichukua karibu nusu saa kumrudisha mwaka 2022, na alama za kucha zake zilibaki mkononi mpaka jioni.

Nimeanza na bibi kwa sababu ya kundi letu la WhatsApp la ukoo. Huko mpwa wangu mmoja, dereva wa bodaboda Bukoba, anatuma stika ya Putin kila nchi za Magharibi zikitoa kauli kuhusu vita vya Ukraine. "Mwamba kasema, wazungu wamefyata." Kwa kijiwe chao, Mjerumani akisema anaogopa vita vya nyuklia, basi amelegea kwa kula vizuri. Nawaambia hapana, hawa wanaogopa kitu ambacho baadhi yao wamekiona kwa macho. Halafu nikizima simu nikaingia chumba cha mapumziko kazini, najikuta nagombana na Wajerumani kutoka upande wa pili.

Maana mjadala wa hapa ni wa aina yake. Kabla Urusi haijavamia, Ujerumani iliwaahidi Waukraine kofia za chuma 5,000, dunia ikacheka. Siku tatu baada ya uvamizi wa Februari 24, 2022, Kansela Scholz alisimama bungeni akatangaza euro bilioni 100 za jeshi, na siku hiyohiyo Putin akaweka majeshi yake ya nyuklia katika tahadhari maalumu. Tangu hapo kila silaha imejadiliwa kama mahari ya mtoto wa pekee. Vifaru vya Leopard vilibishaniwa hadi Januari 2023 ndipo vikaruhusiwa. Makombora ya Taurus Scholz aliyakatalia mpaka anaondoka madarakani Mei 2025. Hoja ilikuwa ileile: tukivuka mstari fulani, Mrusi atabonyeza. Mstari wenyewe uko wapi, hakuna aliyeuona.

Mwishoni mwa Aprili 2022 wasomi na wasanii walimwandikia Scholz barua ya wazi kupitia jarida la EMMA la Alice Schwarzer: asipeleke silaha nzito, vita vya tatu vya dunia vinanukia. Wengine wakajibu kwa barua yao ya kutaka apeleke. Februari 2023 Schwarzer na mwanasiasa Sahra Wagenknecht wakaleta ilani ya amani iliyosainiwa na zaidi ya watu nusu milioni. Huku Saxony hoja hiyo ina wenyewe. Uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024, AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, walipata asilimia 30.6 na chama cha Wagenknecht 11.8, na vyote viwili havitaki silaha ziende Ukraine. Wenzangu wa umri wa miaka 55 kwenda juu walifundishwa Kirusi shuleni. Putin mwenyewe aliishi mji huu kuanzia 1985 hadi 1990 akiwa afisa wa KGB. Huwa najiuliza ni wangapi kati ya wazee ninaowaogesha waliwahi kupanga naye foleni ya mkate.

Ninaheshimu hofu ile, na baada ya siku ya ving'ora ninaiheshimu zaidi. Kinachonishinda ni kipande kimoja cha barua ya kwanza, kinachosema kujihami nako kuna kikomo, kwamba mateso ya raia yakizidi, hata upinzani wa haki dhidi ya mvamizi hufika mahali ukawa haulingani tena na mateso hayo. Kumwambia nani hayo? Zamu yetu ina mama mmoja kutoka Kharkiv, Ukraine. Kwao alikuwa mhasibu, hapa anasafisha vyumba. Mjadala huo ukianza kwenye televisheni ya mapumziko, hachangii. Anachukua kikombe chake anaenda kunywea ngazini. Wajerumani wanadhani anavuta sigara. Havuti.

Mimi ni mtoto wa Kyaka, mkoani Kagera, Tanzania, ndiyo sababu siwezi kukaa kimya. Mwaka 1890 Wajerumani hawahawa na Waingereza walikubaliana kwamba mpaka wetu na Uganda upite digrii 1 kusini mwa ikweta, mstari wa rula, kaskazini ya mto Kagera. Novemba 1, 1978, Idi Amin akatangaza kwamba mpaka wake sasa ni mto. Watu walichinjwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Nyerere akatamka kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukataka usuluhishi. Mwalimu akauliza kwanza kwa nini haumlaani mvamizi. Tukampiga Amin hadi Kampala, Aprili 1979, halafu tukalaumiwa mkutanoni Monrovia kwa kuvuka mpaka, na tukafunga mikanda kwa miaka.

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilikubali, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa 35 zilizojizuia, pamoja na Uganda na Burundi. Wiki moja na ushei kabla, balozi wa Kenya hukohuko, Martin Kimani, alikuwa ameeleza vizuri kabisa jinsi Waafrika walivyorithi mipaka wasiyoichora na wakaamua kutoimwagia damu. Nilimsikiliza nikaona wivu. Hotuba ile ilitakiwa isomwe na Mtanzania, tena wa kutoka kwetu.

Najua sababu zetu za kujizuia. Kutofungamana, ngano, na deni la ukombozi: "Mrusi alitupa silaha." Aliwapa wengi. MiG zilizodondosha mabomu Bukoba mwaka 1978 zilikuwa za Kisovieti, Amin alipewa na Moscow. Na baadhi ya wale tunaosema walisoma Urusi, walisoma Kiev na Kharkiv, miji ya Ukraine. Hili kijiweni halisemwi. Linalosemwa ni bei ya petroli, ambayo mwaka 2022 ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na lawama ikaenda kwa wazungu. Hata yule kijana wetu aliyekwenda kusoma Urusi, akafungwa jela, akaingia Wagner, jeshi la kukodiwa la Warusi, na kuuawa Ukraine, maiti yake iliporudi Januari 2023 alizungumzwa wiki moja tu. Kisha stika zikaendelea.

Ila kuna jambo moja Wajerumani wananibana nalo na sina pa kuchomokea. Amin hakuwa na bomu la nyuklia. Ni rahisi kumsifu Mwalimu ukijua hivyo.

Kwa hiyo nikampelekea swali mjomba wangu. Wakati wa vita vya Amin alikuwa mgambo, alitembea kwa miguu hadi Masaka, na leo ndiye mshabiki mkuu wa Putin katika ukoo. Nikasema, "Shikamoo mjomba. Nisaidie. Kama Amin angekuwa na nyuklia, tungemwachia Kagera?"

Siku mbili kimya, na si kawaida yake. Siku ya tatu ikaja sauti ya dakika nne. Hakumtaja Putin wala Mwalimu. Alisimulia jinsi walivyorudi Kyaka wakakuta migomba imekatwa, ya kwetu na ya majirani, na mashina yameanza kuoza. Bibi yangu, mama yake, alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono kutafuta machipukizi. Mjomba akamwambia mama subiri, huenda kuna mabomu yamefukiwa humu. Bibi hakugeuka. Alimwambia alete jembe.

"Sasa hilo swali lako, mjomba," akamalizia, "ungemuuliza yeye." Nyuma yake nilisikia jogoo, na mtu akiuliza kama kahawa imeanikwa.