Aliyeiacha Imani: Hakuwahi Kuamini, au Alianguka?

Mtu ameimba kwaya miaka na miaka, amefundisha watoto Shule ya Jumapili, amekesha kwenye maombi, kisha siku moja anasema wazi kwamba haamini tena. Wakristo wenzake huwa na majibu mawili tayari. Mmoja atasema: huyo hakuokoka tangu mwanzo, alikuwa na dini tu. Mwingine atasema: aliokoka kabisa, ila amerudi nyuma, na asipotubu amepotea. Tusidhani ni maneno ya hasira tu. Kila jibu lina mistari yake ya Biblia, lina madhehebu yanayolishikilia, na limebishaniwa na watu wenye akili nyingi kwa karne kadhaa.

Jibu la kwanza ni la wafuasi wa John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa yao uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ililiweka rasmi: walioteuliwa na Mungu hulindwa naye hadi mwisho. Wanaweza kuteleza vibaya sana, lakini hawawezi kupotea moja kwa moja. Msingi wake ni Yohana 10:28, ambapo Yesu anasema kondoo wake hawatapotea kamwe wala hakuna atakayewapokonya katika mkono wake. Na kuhusu wanaoondoka kuna 1 Yohana 2:19: “Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu.”

Fundisho hili lina faraja ambayo asiyewahi kuihitaji huidharau. Mtu aliyevunjika moyo hadi hawezi hata kuomba anaambiwa kwamba wokovu wake hautegemei nguvu za kushika kwake, bali nguvu za aliyemshika. Sioni fundisho jingine linalomfaa mtu huyo zaidi.

Ugumu unakuja linapogeuzwa kuwa hukumu juu ya mtu aliyekwisha kuondoka. Ukimwambia hakuwahi kuamini, umemwambia kwamba machozi yake, sadaka zake na usiku wake wa maombi vilikuwa bandia, na ushahidi wako pekee ni kwamba ameondoka. Hawezi kukujibu, kwa sababu lolote atakalosema kuhusu maisha yake ya nyuma umekwisha kulitupa kabla hajalisema. Calvin mwenyewe aliuona ugumu wa jambo hili. Alikiri kwamba wasioteuliwa nao huweza kuguswa kwa namna inayofanana mno na ya wateule, hata wao wenyewe wasione tofauti. Sasa yule anayeimba kwaya leo, akiwa na moyo uleule aliokuwa nao mwenzake aliyeondoka, atajuaje kwamba wake ndio wa kweli? Fundisho lililokuja kumpa uhakika linamrudisha kwenye wasiwasi kwa mlango wa nyuma.

(Wapo wanaohubiri jambo jepesi zaidi: ukishaokoka umeokoka, hata ukiikana imani kesho asubuhi. Dort haikusema hivyo. Kwao aliyeteuliwa hulindwa abaki ndani ya imani; hapewi ruhusa ya kuishi bila imani.)

Jibu la pili lina wafuasi wengi zaidi. Wakatoliki, Waorthodoksi, Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanakubaliana hapa, ingawa kwa mengine hawapatani hata kidogo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ulimkataa anayesema kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kuipoteza neema. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye alifundisha kwamba mwamini wa kweli anaweza kuanguka na kupotea. Andiko lao zito ni Waebrania 6:4-6, linalowataja watu waliopewa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho Mtakatifu, “wakaanguka baada ya hayo”. Unahitaji ustadi mkubwa wa kupindapinda maneno ili useme watu hao hawakuwa waamini.

Nalipenda jibu hili kwa jambo moja: linaheshimu historia ya mtu. Linakubali kwamba ulichokuwa nacho kilikuwa kitu. Lakini soma mstari uleule hadi mwisho, utakuta kwamba watu hao “haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu”. Wanaofundisha kwamba mwamini anaweza kuanguka wengi wao hufundisha pia kwamba anaweza kurudi, na neno hilo “haiwezekani” linawasumbua kama vile maneno ya “kufanywa washirika wa Roho Mtakatifu” yanavyowasumbua wafuasi wa Calvin. Kila upande unaushika nusu ya mstari na kuipitia haraka nusu nyingine.

Na hofu ya kuanguka bila njia ya kurudi si ya nadharia. Mwaka 1548, karibu na Padua nchini Italia, alikuwapo mwanasheria aitwaye Francesco Spiera. Alikuwa ameyapokea mafundisho ya Kiprotestanti, akashtakiwa, akayakana hadharani. Akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amemtenda Roho Mtakatifu dhambi isiyosameheka. Marafiki wakamsomea ahadi za Mungu, yeye akawajibu kwa maandiko kwamba ahadi hizo si zake. Akafa mwaka uleule bila kukubali faraja ya mtu yeyote, na habari zake zikatumiwa kwa vizazi kuwatisha waliotaka kuikana imani. Mmoja wa waliomtembelea kitandani ni Pier Paolo Vergerio, askofu Mkatoliki, ambaye mwaka uliofuata alikimbia na kujiunga na Waprotestanti. Kwa Kanisa alilotoka, Vergerio ndiye aliyeasi. Kwa lile alilojiunga nalo, ndiyo kwanza amefunguka macho. Kila dhehebu hujaza daftari lake la waasi kwa majina ambayo jirani yake ameyaandika kama waongofu.

Lakini kabla ya Dort na Trento kulikuwa na kizazi kilicholazimika kulijibu swali hili huku waathirika wakisubiri mlangoni. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola ya Kirumi waitolee miungu sadaka. Nchini Misri zimepatikana hati za mafunjo zaidi ya 40 zinazoonyesha jinsi jambo hilo lilivyoendeshwa. Mtu anajitambulisha, anatamka kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, kwamba sasa mbele ya maafisa amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, kisha anaomba wathibitishe kwa sahihi. Hata kuhani mmoja wa kike wa mungu wa mamba alilazimika kuwa na hati yake, kana kwamba palikuwa na shaka juu ya dini yake.

Wakristo wengi walikubali. Wengine walitoa sadaka hasa, wengine walichoma ubani tu, wengine hawakutoa chochote bali walimhonga afisa wakapata hati. Wapo waliokataa, wakafungwa na kuteswa. Dhiki ilipopoa, walioanguka wakataka kurudi mezani pa Bwana, wakaenda pia gerezani kuwaomba wale walioteswa wawaandikie barua za kuwaombea msamaha. Cyprian, askofu wa Karthago, akajikuta katikati ya mzozo, naye mwenyewe alikuwa amesemwa kwa sababu wakati wa dhiki alijificha.

Mara nyingi tunamhurumia aliyeanguka na kumsahau aliyesimama, kwa hiyo nitamtetea kidogo huyu wa pili. Fikiria umepoteza mali, umeuguzwa vidonda vya mateso, kisha Jumapili unamwona aliyenunua hati kwa pesa akipokea ushirika pembeni yako, hata jasho halijamtoka. Ukali wa Novatian, padri wa Roma aliyesema Kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha watu hao na waachiwe Mungu mwenyewe, haukuwa roho mbaya tu. Ulikuwa na hoja: imani isiyogharimu chochote kuikana, inagharimu nini kuishika? Kanisa alilojitenga nalo lilidumu karne kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba hoja hiyo iliwagusa wengi.

Hata hivyo naona Cyprian na maaskofu wenzake walikuwa na busara kuzidi Novatian, na kuzidi wengi wetu leo. Hawakusema walioanguka hawakuwahi kuamini, wala hawakusema yamekwisha, rudini. Katika kikao cha mwaka 251 waliwatenganisha. Aliyenunua hati tu, baada ya kuchunguzwa, aliweza kurudishwa. Aliyetoa sadaka alibaki katika toba, akirudishwa saa ya kufa. Dhiki mpya ilipokaribia wakalegeza, wakawarudisha wote waliokuwa wakitubu, ili wasiende vitani bila silaha. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258. Baadaye, mwaka 325, Mtaguso wa Nikea uliwashughulikia hata walioikana imani bila kushurutishwa: ukasema hawastahili huruma, ukawahurumia. Kwa waliotubu kwa dhati waliokuwa waamini kamili, adhabu ilikuwa miaka 3 ya kusikiliza tu, 7 ya kusujudu, 2 ya kuomba pamoja na wengine bila kushiriki meza ya Bwana. Miaka 12 ni mingi, ila ina mwisho.

Wale wa kale walichunguza kilichotokea ndipo wakaamua, nasi tunaamua kwanza. Na hapa mfano wao una mpaka wake, lazima niukubali. Mtu wa mwaka 250 alikana kwa mdomo alichokiamini moyoni, kwa kuogopa kufa. Mwenzetu wa leo mara nyingi amefanya kinyume: kwa miaka alikiri kwa mdomo kile ambacho moyo ulikuwa umekwisha kukiacha, hadi akachoka. Wa kwanza alihitaji msamaha. Wa pili hana habari na msamaha, kwa kuwa haoni alikosa wapi.

Je, ana kosa? Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 ulisema kwamba aliyeipokea imani chini ya mafundisho ya Kanisa hawezi kamwe kuwa na sababu ya haki ya kuibadili au kuitilia shaka. Miaka 95 baadaye, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili uliandika jambo ambalo sidhani wale wa kwanza walilitarajia: kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na mchango si mdogo katika kuwafanya watu wasimwamini Mungu, kwa kufundisha vibaya na kwa maisha yanayouficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Matamko hayo mawili hayapingani neno kwa neno, lakini moja linamwangalia anayeondoka na jingine linawaangalia wanaobaki.

Mimi nadhani tamko hilo la pili ndilo linalotusaidia kuyasoma vizuri yale maandiko mawili yanayogombaniwa. Waraka wa Waebrania uliandikwa kwa watu waliokuwa bado ndani, wamechoka, wanaanza kuacha kukusanyika. Ni onyo kwa msikilizaji, na mwandishi anageuka papo hapo, mstari wa 9, akiwaita wapenzi na kusema ana hakika ya mambo mazuri zaidi juu yao. Waraka wa kwanza wa Yohana nao uliwafariji waliobaki baada ya mgawanyiko, ukiwataja watu fulani waliokuwa wakimkana Kristo na kutaka kuwapotosha wengine. Andiko la onyo na andiko la faraja yote yanazungumza na waliobaki. Kuyachukua na kumpiga nayo mtu aliyekwisha kutoka, ambaye hakuandikiwa, ni kuyapeleka kusikotakiwa.

Atakayepinga atasema: basi Kanisa lisiseme kitu kwa anayeondoka? Liseme. Lina haki ya kumwambia kwamba amekosea, hata kumwondoa kwenye uongozi. Mtu asiyeamini hawezi kuendelea kufundisha ubatizo. Pia si kila aliyeondoka amefikiri sana kuliko waliobaki, ingawa wengine hupenda kusimulia hivyo. Wapo waliokerwa na mchungaji mmoja wakahitimisha kwamba Mungu hayupo, hitimisho lisilotokana na kisa chenyewe. Ila ile kauli ya “alitaka kutenda dhambi kwa uhuru” haina kazi nyingine zaidi ya kumwokoa msemaji asisikilize.

Kuna kundi ambalo mafundisho yote mawili hayana neno kwake. Ni mtu asiyeamini lakini hajamwambia mtu. Anatoa fungu la kumi, anaongoza sala anapoombwa, anabariki harusi za ndugu, na hana mpango wa kuondoka kwa sababu mke, wazazi na kazi yake vyote viko humo. Dort haimjui, Trento haimjui, wazee wa kanisa wanamsifu kwa uaminifu wake. Siku mwenzake mwenye shaka zilezile atakaposimama na kusema ukweli, atatengwa, na huenda huyu wa kwanza ndiye atakayepewa kazi ya kufunga kikao kwa sala.