Yamaha kuukuu ya ziwani: uifufue au uiache kwa fundi?

Ukipita mwalo wowote wa Mwanza, uwe Igombe, Kayenze au Mwaloni pale Kirumba, hutakosa mashine ya boti iliyoegemezwa kwa fundi, kofia imevuliwa, inasubiri mnunuzi. Mara nyingi ni Yamaha Enduro, HP 15 au HP 40, ile ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ukisimama kuitazama utaambiwa: "Hiyo ringi tu, bosi. Ukibadilisha ringi inarudi mpya," yaani zile pete za pistoni. Bei itakayotajwa ni sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya dukani, na hapo ndipo hesabu za wengi huishia.

Wanaotetea ununuzi wa aina hii husema mashine hizi haziishi, ni spea tu zinazoisha. Wanaoupinga husema ukinunua mashine chakavu umenunua kesi na fundi. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wanabishania umri wa mashine, na umri si jambo kubwa kiasi hicho. Yapo maswali mawili mazito zaidi. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imebakiwa na uhai gani? Na wewe mnunuzi unaweza kukaa bila mashine kwa muda gani?

Nianze na wanaosema nunua, maana wana hoja nzuri kuliko wanavyojieleza.

Ziwa Victoria ni maji baridi. Mashine iliyozeekea hapa haijaliwa na chumvi. Iliyotumika baharini, Dar es Salaam au Zanzibar, njia za maji ya kupoozea ndani ya bloku huanza kuziba, na bolti za chuma hugandana na alumini hadi ukizifungua zinakatika vichwa. Kazi ambayo ingechukua siku moja inageuka ya wiki, na kila bolti iliyokatikia ndani inahitaji kutobolewa kwa uangalifu. Ya ziwani, bolti zinatoka. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza imefanya kazi wapi. Ukiambiwa imetoka pwani, punguza hamu hapo hapo.

Hoja nyingine ni wepesi wake. Mashine ya kuchanganya oili haina valvu za juu, haina sampu ya oili, na kwa hizi za HP ndogo haina kompyuta. Ina kabureta, plagi, koili na kamba ya kuvutia. Fundi wa Kome au Ukerewe anaifungua kwa spana alizonazo na kuifunga jioni. Sheria za hewa chafu za Ulaya na Marekani zimeziondoa mashine za kabureta za aina hii kwenye maduka yao ya mashine mpya, lakini Yamaha iliendelea kutengeneza Enduro kwa ajili ya masoko kama letu. Ndiyo maana mashine ya miaka ishirini bado inapata pistoni mpya iliyomo kwenye boksi.

Si kila chapa ina bahati hiyo. Kampuni ya BRP ya Canada iliacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limeshaondoka sokoni kabla ya hapo. Ukikuta Evinrude au Johnson inauzwa kwa bei ya kutupa, hiyo bei ina sababu. Mariner za zamani ni habari ya katikati: baadhi yake zilitengenezwa na Yamaha wenyewe na spea zinaingiliana, lakini mtafute fundi anayejua ni zipi. Kukisia kunagharimu.

Sasa turudi kwenye ile "ringi tu", maana hela nyingi hupotelea hapo. Ringi haiishi peke yake. Ikiisha, mara nyingi silinda nayo imeliwa au imechanika mistari, na ringi mpya kwenye ukuta uliochanika haishiki. Itawaka, ndiyo. Utajaribiwa nayo pale ufukweni ndani ya pipa la maji, itanguruma vizuri, utalipa. Baada ya wiki kadhaa nguvu imepungua na moshi umeongezeka.

Dawa yake ni kukubaliana na muuzaji silinda hedi ivuliwe kabla hela haijatoka mfukoni, hata kama utalipia gasketi mpya wewe. Shusha pistoni chini, futa silinda kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukiteleza, vizuri. Ukikwama kwenye mfereji, silinda hiyo inahitaji kuchongwa, yaani kupanuliwa, na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Halafu angalia kichwa cha pistoni. Yamaha hutoa pistoni za kuongeza robo milimita na nusu milimita, na ukubwa huo kwa kawaida hugongwa juu ya pistoni. Ukikuta hakuna alama ya kuongeza, bloku bado ina nafasi ya kuchongwa. Ukikuta 0.50 na ukucha wako umekwama, umefika mwisho wa njia: kilichobaki ni kuvalishwa slivu, bomba jipya la chuma ndani ya silinda, kazi ambayo si kila karakana inaiweza, na ikikosewa pistoni inagandia humo humo.

Muuzaji akikukatalia kuvua hedi, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji. Kinachotazamwa zaidi ni ulinganifu: silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma chini ya kile kinachosemwa na kitabu cha mashine, pungufu ya zaidi ya asilimia 10. Basi usiikatae mashine nzima kwa sababu namba haikufika ya kitabuni, wala usikubali muuzaji asingizie mwinuko wakati silinda moja inasoma 110 na ya pili 75. Mwinuko haubagui silinda.

Huo mwinuko unaila nguvu pia. HP 15 ya kwenye kibao, hapa Mwanza inafanya kazi kama HP 13 na kitu, hata ikiwa mpya. Anayepiga hesabu ya kubeba nyavu, barafu na watu sita kwa mashine kuukuu ya HP 15 anapiga hesabu ya nguvu ambayo mashine hiyo haijawahi kuwa nayo katika ziwa hili.

Wengi wakishatazama juu husahau chini. Giaboksi ya mashine ya kupachika ndiyo inayokaa majini, na fukwe nyingi za Mwanza zina mawe. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi, achia oili kidogo kwenye kiganja. Ikiwa nyeusi au kahawia, ni uzee tu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yanaingia, sili zimekufa, na huenda beringi zimeanza kutu. Sugua oili hiyo kati ya vidole viwili: ukihisi chenga za chuma, gia zinajitafuna. Kisha zungusha propela kwa mkono huku ukitazama ncha ya shafti. Ikiyumba, shafti imepinda kwa kugonga mwamba, na sili mpya utakayoweka haitadumu. Giaboksi iliyoharibika inaweza kukula hela kuliko bei uliyonunulia mashine yote.

Impela ya kusukuma maji ya kupoozea sitaisemea sana. Mchanga wa ufukweni unaisaga, magugumaji yanaziba matundu ya kunyonyea, kwa hiyo ibadilishe tu bila kuuliza. Ni rahisi na isipofanya kazi inaua kila kitu kingine. Uliza tu kama mashine iliwahi kuchemka.

Uliza vilevile ilikuwa inanyweshwa oili gani. Oili ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki huacha masizi yanayogandisha ringi kwenye mifereji yake. Wengi huitumia kwa sababu ni rahisi kupatikana, na mashine haisemi kitu hadi siku ya kufunguliwa.

Hoja nzito ya wanaopinga, kwangu mimi, ni mafuta. Mashine ya HP 15 ya aina hii ikikimbizwa kwa nguvu zote hunywa lita sita hivi kwa saa. Tuseme yako, kwa uchakavu wa ringi na kabureta, inakunywa lita moja zaidi kwa saa. Tuseme unaiendesha saa nne kwa usiku, usiku ishirini kwa mwezi. Hizo ni lita 80 za bure. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita: ni shilingi 240,000 kila mwezi, karibu milioni tatu kwa mwaka. Kama ulinunua mashine kwa milioni mbili ukajisifu umeokota, ziwa limeshakudai zaidi ya hiyo.

Lakini hesabu hii wanaopinga huitumia vibaya. Haiisemi mashine ya zamani iliyofanyiwa ovaholi kamili, yaani kufunguliwa na kutengenezwa yote. Silinda ikichongwa sawasawa, pistoni na ringi zikawa mpya, sili za krenki zikabadilishwa na kabureta ikasafishwa, ulaji wake unarudi karibu na ule wa siku zake za ujana. Inayokukamua ni ile iliyotiwa viraka: ringi leo, plagi kesho, gasketi ya kukata kwa mkasi keshokutwa. Kwa hiyo bei ya kulinganisha na ya dukani ni ya mashine pamoja na ovaholi yote, spea halisi zikiwemo. Ukijumlisha hivyo ukaona umefika theluthi mbili ya bei ya mpya, acha. Mpya ya mipigo minne, isiyochanganyiwa oili kwenye petroli, itakupunguzia mafuta pia, na tofauti iliyobaki itajilipa yenyewe.

Halafu kuna jambo lisiloandikwa kwenye hesabu yoyote. Mashine ikizima mbele ya Igombe asubuhi, unapiga kasia, mnacheka, mnarudi. Ikizima usiku karibu na kisiwa cha mbali cha Gozba, upepo ukiwa umeshaamka, kasia halina msaada mkubwa. Tajiri, yaani mwenye chombo, aliyeko nyumbani ndiye aliyeokoa hela. Walioko kwenye mtumbwi ndio wanaobeba hatari. Sioni haki kwa mwenye chombo kununua mashine ya kubahatisha na kuituma maji ya mbali na vijana wanaolipwa kwa mgao wa samaki, bila hata mashine ndogo ya akiba.

Ndiyo maana siafiki kauli kwamba mashine kuukuu ni ya mtu wa kipato cha chini. Naona ni kinyume. Inamfaa mwenye mashine nyingine inayofanya kazi, anayeweza kuiacha hii kwa fundi mwezi mzima akisubiri krenki kutoka Dar bila watoto kulala njaa. Inamfaa fundi mwenyewe. Inamfaa mwenye mtumbwi wa kuvusha mizigo karibu karibu. Anayeanza, mwenye mkopo wa VICOBA unaodai marejesho kila wiki, ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mkopo hausubiri spea. Huyo bora aungane na mwenzake wanunue moja mpya ya HP ndogo, au akodi kwanza msimu mmoja.

Kama umeamua kununua, karatasi kwanza. Wizi wa mashine ziwani si hadithi, wavuvi wameporwa mashine zao usiku wakiwa majini, na nyingine huishia mwalo wa mbali zikiuzwa kwa haraka. Kibao cha namba kilicho kwenye bano la kufungia mashine kikiwa kimebanduliwa au namba zimekwanguliwa, ondoka, hata bei iwe ya sadaka. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na "sikujua" itakuwa ngumu kuaminika mbele ya namba iliyokwanguliwa. Andikianeni mauziano mbele ya kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) au mwenyekiti wa mtaa, namba ya mashine ikiwa imeandikwa yote.

Kwa wavuvi wa dagaa, muda mzuri wa kuifungua ni wakati wa mbalamwezi, taa zikiwa hazina kazi na mitumbwi imepumzika. Usimkimbize fundi aimalize siku za giza zinaporudi. Mashine iliyotoka ovaholi inataka kulainishwa: saa kumi za mwanzo changanya lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli, bila kuikaza muda mrefu, ndipo uende kwenye lita moja kwa 50. Kuipeleka kwenye maji ya mbali usiku wake wa kwanza ni kurudisha ringi mpya kwa fundi.

Na ile uliyovua hedi ukakuta 0.50 na mifereji? Usimwachie muuzaji moja kwa moja. Kama giaboksi yake ina oili safi na shafti haiyumbi, mtajie bei ya spea. Mwenye bloku nzima na giaboksi iliyokufa hakosekani mwalo wa pili.