Zawadi ya Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka 20 nimekuwa nikiwapunguzia wanafunzi alama kwa sababu ya nukta. Nalisema hili mapema ili msomaji afahamu kwamba yaliyonifika nyumbani kwangu Muheza hayakutokana na ujinga.

Chanzo chake ni yungiyungi la porini ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba. Huku kwetu huota lenyewe vichakani na kandokando ya mashamba, na watu hulipita kama gugu. Nililipanda karibu na uzio kabla ya masika, likakwea bila msaada wangu, kwa kuwa ncha ya jani lake hujisokota kama mkia wa kinyonga na kushika chochote chembamba kilicho jirani. Mwezi wa Mei likachanua: petali sita zilizopinda kuelekea juu, njano shinani na nyekundu nchani, mfano wa moto wa kuni uliopulizwa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama jambo lolote langu, kisha akasema, "Hili na mimi nalitaka."

Mwezi wa Julai majani yakaanza kugeuka manjano. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikaongeza samadi, na mke wangu ni shahidi kwamba siku moja niliinama nikaliomba radhi. Kumbe halikuwa likifa. Mmea huu hunyauka baada ya mvua na kubaki umelala ardhini ndani ya viazi vyake, na maji ninayoyamwaga kwa huruma ndiyo yangeviozesha. Nikavichimbua: viazi vyembamba, vilivyopinda kama herufi V, vyenye chipukizi nchani tu, kiasi kwamba ukiivunja ncha huna mmea tena.

Sasa, sehemu zote za mmea huu zina sumu, na viazi ndivyo vikali zaidi. Vina kolkisini, ambayo madaktari huitoa kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo. Kwa hiyo, nikiwa mtu mwangalifu, nilivitia katika bahasha mbili za kaki zenye mchanga mkavu, moja yangu na moja ya mama mkwe, nikaziweka juu ya kabati la jikoni. Juu ya bahasha yake niliandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, kwanza onyo na kisha jina la mpokeaji.

Mwezi wa Agosti mama mkwe akaja tena. Nilimwamkia, akaketi, akaletewa chai. Alikuwa amefika nusu ya kikombe wakati binti yetu wa darasa la pili, aliye katika umri wa kusoma kwa sauti kila kitu hadi pakiti za chumvi, aliposimama mlangoni pa jikoni, akainua macho na kusoma silabi kwa silabi:

"Su-mu ya ma-ma mkwe."

Mama mkwe alikiweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Mama," nikasema, "hapo neno 'zawadi' limedondoshwa."

"Zawadi ya sumu?"

"Hapana, mama. Baada ya 'sumu' palitakiwa nukta. Na 'ya' hiyo haipatani na sumu, inapatana na zawadi ambayo..."

"Baba Rehema," mke wangu akanikatiza, "acha sarufi."

Nilikimbilia jikoni kuleta ushahidi, na kwa haraka ile nikaiangusha bahasha yangu sakafuni. Mama mkwe akanifuata, akavitazama viazi vilivyotawanyika, akasema vinafanana na viazi vikuu vichanga, akanyoosha mkono. Nikapiga kelele, "Usiguse, utakufa!" Kauli hiyo, nakiri, haikunisaidia.

Ilichukua saa nzima, pamoja na jirani aliyeitwa kusuluhisha na ambaye alicheka mpaka akaombwa atoke. Mama mkwe aliondoka na bahasha yake, akavipanda mwanzoni mwa vuli. Vyangu vilikuwa vimevunjika ncha vyote. Tangu siku ile chai yake hujimiminia mwenyewe.

Mwezi wa Desemba akapiga simu.

"Mkwe wangu, sumu yangu imechanua. Yako je?"