Mbasa wa Lufilyo na skrei wa Lofoten

Mwanzoni mwa Februari, saa mbili asubuhi, hapa Lofoten bado ni giza. Boti zinaingia kamba zikiwa zimeganda barafu, na sisi wa kiwandani tunapokea skrei, samaki anayetoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye pwani hii ya kaskazini mwa Norwei. Kila kreti inapanda mizani, uzito unaandikwa kwa jina la boti, kisha unatolewa kwenye mgao wa boti hiyo wa mwaka. Mgao ukiisha, boti inafungwa gatini hata kama bahari imejaa samaki. Nahodha akizidisha, fedha ya kilichozidi haiingii mfukoni mwake. Wala hawezi kumtupa samaki majini ili asionekane. Kutupa ni kosa tangu 1987.

Nimekulia Matema, Kyela. Mjomba aliyenilea alikuwa mvuvi. Masika yakishika, samaki waitwao mbasa walitoka Ziwa Nyasa wakapanda mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira kwenda kutaga, na sisi tuliwasubiri mlangoni mwa mto. Nyavu zilitandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa mtoto, nikishangilia kila alipotolewa mmoja mkubwa, tumbo limejaa mayai. Leo nikikumbuka mayai yale, moyo unaniuma.

Ndugu zangu wakinipigia simu husema Wazungu wana nidhamu, sisi hatuna. Sikubali hata kidogo. Hawa nao walivua mpaka wakafika ukingoni. Aprili 1989 serikali ilisimamisha uvuvi wa skrei wa pwani, boti zikakaa bila kazi, na mgao wa kila boti ukaanza 1990 watu wakiwa bado na machungu. Kanada ilichelewa zaidi: 1992 ilifunga uvuvi wa jamii hiyohiyo ya samaki huko Newfoundland, makumi ya maelfu wakakosa kazi, na ikapita zaidi ya miaka thelathini kabla ya kufungua tena.

Kilichowafanya Wanorwei wavumilie ni kwamba kila mmoja alimwona mwenzake ameacha. Hata Urusi. Samaki wa Barents ni wa nchi zote mbili, na tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakikaa pamoja kila mwaka kupanga kiasi cha kuvua. Kwa 2013 walipanga tani milioni moja. Kwa 2025 wakashusha hadi tani 340,000, kwa kuwa samaki wamepungua. Hapa kiwandani tulipunguziwa zamu, nami nilituma kidogo nyumbani. Lakini nilijua kwa nini, maana hesabu iliwekwa wazi kwa kila mtu.

Nyumbani tunaanza na moto. Nyavu haramu zinachomwa, mvuvi anabaki na deni, wiki mbili baadaye kokoro, ule wavu wa kukokota, limerudi majini. Hakuna aliyemwambia mvuvi huyo mbasa wamebaki wangapi wala atakula nini akiacha.

Sitaki tubebe mfumo wa huku mzima mzima. Migao imekuwa mali ya kununuliwa, na viko vijiji vya kaskazini ambavyo gati zake sasa ni tupu kwa sababu haki ya kuvua imehamia kwa wenye boti kubwa. Kyela isifike huko. Na mitumbwi yetu, inayopakua kwenye mialo isiyo na mizani, huwezi kuigawia kilo mojamoja.

Ila uvuvi kwenye milango ya mito unaweza kufungwa wakati mbasa wanapopanda, huku ziwani watu wakiendelea na usipa, dagaa wa Nyasa, ili sufuria zisilale tupu. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, za kandokando ya mto zipange tarehe zenyewe, zilinde zenyewe. Malawi na Msumbiji ziitwe mezani, kwa kuwa ziwa ni moja. Wa Ziwa Tanganyika wamethubutu: kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ziwa lilifungwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia kwa pamoja.

Mwezi uliopita nilimwuliza mjomba kama angeacha mlango wa Lufilyo masika moja tu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, na wale wa ng'ambo ya mto, wataacha?"