Dawa za Kichina za kiharusi: tuzinunue au hela iende kwenye mazoezi ya fizio?

Mtu akipigwa kiharusi kila ndugu anakuja na dawa yake, na siku hizi haikosi ya Kichina, kapsuli nne mara tatu kwa siku, eti jirani wa fulani alizinywa akasimama. Mi nimemuuguza mama mkubwa, mkono wa kushoto umelala juu ya kanga kama wa mtu mwingine, kwa hiyo anayetoa hela yake ya mwisho simlaumu kabisa.

Na tusizidharau, maana hazijaanza jana. Mwaka 1830 tabibu wa China, Wang Qingren, aliandika dawa ya kuchemsha inayoitwa Buyang Huanwu Tang, vitu 7, mwingi kuliko vyote ni mzizi wa huangqi, na ndani yake kuna hadi nyungunyungu waliokaushwa. Alisema nguvu ya mwili ni mafungu 10, 5 kulia 5 kushoto, yakipotea 5 upande unalala. Leo tunajua tatizo liko kwenye ubongo, ila dawa yake bado inatumika.

Sasa hizo kapsuli, NeuroAiD, zilipimwa kwelikweli. Utafiti wa CHIMES, uliotoka 2013, ulichukua wagonjwa kama 1,100 wa nchi za Asia kama Singapore na Ufilipino, nusu wakapewa dawa, nusu wakapewa kapsuli zisizo na dawa ndani, baada ya miezi 3 tofauti ya maana hakuna. Wanaoitetea wanasema ubongo unapona taratibu, na kweli waliofuatiliwa zaidi, upande wa dawa ulionekana mbele kuanzia mwezi wa 6. Hoja hiyo naipa uzito, ila sio wote walioendelea kufuatiliwa, na swali kuu la utafiti lilikuwa miezi 3, kwa hiyo kwangu ni matumaini, sio ushahidi. Afu 2024 ukatoka utafiti mwingine China kwenyewe, CHAIN, wagonjwa zaidi ya 1,600 wa kiharusi cha kuvuja damu, dawa ya mitishamba ya maji kwa siku 28, haikusaidia kitu.

Na yule jirani aliyesimama? Mama mkubwa hakumeza hata kapsuli moja, ni fizio na vidonge vya presha tu, mwezi wa tano tangu augue akashika kikombe cha chai kwa mkono uleule, tulilia. Angekuwa kwenye dawa za Kichina tungeapa ni zenyewe.

Kinachoniogopesha ni danshen, mzizi unaotiwa kwenye dawa nyingi za kiharusi, ukikutana na warfarin, dawa ya hospitali ya kuzuia damu isigande, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Kwa hiyo kama mmeshanunua, bebeni boksi lenyewe mkamwonyeshe daktari, msimfiche kwa kuogopa kufokewa, na vidonge vya presha visiachwe hata siku moja. Ila kama hela ni moja tu na inabidi kuchagua, mi naipeleka fizio.