Kinu kikizimwa, mkaguzi ndiyo kwanza anaanza kazi

Ndugu zetu mlioko nyumbani Tanzania mkiulizia nyuklia ya huku Uingereza, huwa mnaulizia umeme. Swali zito ni jingine, na hata Waingereza walichelewa kujiuliza: kinu kikishazimwa, nani anakilinda, kwa sheria ipi, na kwa fedha za nani?

Huku leseni haifi pamoja na kinu. Leseni inayotolewa chini ya Sheria ya mitambo ya nyuklia ya mwaka 1965 inamfunga mwenye leseni kwa masharti 36, na kuzima mitambo hakumfungui. Sharti la 28 linadai vifaa vya usalama vikaguliwe na kujaribiwa kwa ratiba. La 32 linazuia taka zisirundikane, la 34 linahusu uvujaji. La 35 ndilo la ubomoaji wenyewe: mamlaka ya udhibiti, ONR, inaweza kutaka kazi igawanywe kwa hatua na hatua inayofuata isianze bila idhini yake. Kwa muda mrefu kigezo cha kulitoa eneo kwenye leseni kimekuwa hatari iliyobaki kuwa ndogo mno, kiwango cha kifo kimoja katika milioni kwa mwaka. Mpaka hapo mkaguzi ana haki ya kuingia.

Na ana mengi ya kukagua kuliko zamani. Kinu kinachofanya kazi leo kinafanana na cha jana. Kinachobomolewa hubadilika kila zamu. Chukua hewa tu: jengo lenye uchafu wa mionzi hutunzwa kwa kuvuta hewa kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kisha kwenye vichujio. Ukuta uliokuwapo Jumatatu ukikatwa Jumatano, njia ya hewa imebadilika, na feni zilizopangwa kwa jengo zima sasa zinavuta kupitia tundu jipya. Mkaguzi mzuri haombi kwanza cheti cha feni. Anaweka moshi kidogo mlangoni aone unaelekea wapi, kisha anauliza tofauti ya shinikizo kwenye vichujio imesomwa lini na nani.

Panapo plutoniamu shida huwa kubwa zaidi, kwa sababu miale yake, inayoitwa alfa, husafiri sentimita chache tu hewani. Kipimo kikishikwa mbali na ukuta, au kikipitishwa haraka, kinasema pako safi. Ukuta ukiwa na unyevu, vivyo hivyo. Tena zamani palipomwagika kitu, palisuguliwa kisha pakapakwa rangi ili kilichobaki kisiruke. Rangi hiyo inaficha alfa vizuri kabisa, mpaka siku fundi anapoikwangua. Hata kupangusa ukuta kwa karatasi kuna mtego. Kwa kawaida hupanguswa sentimita 100 za mraba na kukadiriwa kwamba karatasi imechukua asilimia 10 ya uchafu unaotoka, lakini zege lenye mikwaruzo linaweza kutoa pungufu ya hapo, na matokeo yakasomeka vizuri kuliko hali ilivyo.

Watu hudhani hatari ya maeneo haya ni mionzi peke yake. Kuna asbesto iliyofunga mabomba ya miaka ya 1950 na 1960, kuna kuanguka kutoka juu, kuna kreni zilizochoka, na kuna nyaya. Michoro ya zamani haifanani na jengo, kwa sababu miaka 40 ya marekebisho madogo haikuandikwa yote, kwa hiyo waya unaodhaniwa umekufa unaweza kuwa na umeme. Utaratibu ni kuutenga, kuufungia kwa kufuli, kuujaribu pale pale utakapokatwa, ndipo ukate. Wanaoruka hatua ya tatu ndio wanaoumia.

Msidhani huku waliyajua haya tangu mwanzo. Moto kwenye kinu cha Windscale ulitokea Oktoba 1957, na sheria ya kwanza ya kutoa leseni kwa vinu ikaja 1959. Palepale, eneo linaloitwa Sellafield sasa, ghala la taka za maganda ya magnesiamu yaliyovuliwa kwenye fueli ya nyuklia lilianza kupokea mzigo mwaka 1964 bila mtu kupanga kwa dhati namna ya kuutoa. Maganda hayo hulala ndani ya maji na kulika polepole yakitoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Jengo la awali lilivuja ardhini miaka ya 1970, ikabainika 2019 kwamba linavuja tena, na kazi ya kuzitoa taka ilianza 2022. Wakaguzi wa hesabu za serikali walitaja mwaka 2024 kwamba kusafisha Sellafield nzima kunakadiriwa kugharimu pauni bilioni 136. Ndiyo bei ya kujenga bila kufikiria mwisho.

Kuna njia ya kusubiri pia. Bradwell, kituo kimoja cha umeme wa nyuklia, kilizimwa 2002, na mwaka 2018 kikawekwa katika hali ya kufungwa na kutazamwa tu. Hoja ina mashiko: kobalti-60, dutu ya mionzi iliyomo kwenye chuma cha kinu, hupungua kwa nusu kila miaka 5.27, hivyo baada ya miaka 50 inabaki sehemu moja katika 700 hivi, na mkataji wa chuma atapata dozi ndogo ya mionzi. Kaboni-14 kwenye grafiti ya kinu haisubiriki, maana hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Lakini wanaojua bomba gani linapita wapi nao wanastaafu na kufa. Binafsi nadhani huku wanasubiri kupita kiasi, wakiuita uvivu wa bajeti busara ya kitaalamu.

Sasa nyumbani. Hatuna kinu, na wengi wanaona mjadala huu si wetu. Congo walikuwa nacho: TRICO I, kinu cha utafiti cha Kinshasa, iliwashwa 1959, ya kwanza Afrika, na fito mbili za fueli zilipotea, mmoja ukaja kupatikana Italia 1998. Ndugu zetu Wakenya wanapanga kujenga, na angalau Sheria yao ya 2019 iliunda KNRA kuwa mdhibiti anayejitegemea. Sisi Tanzania, kwa Sheria namba 7 ya 2003, Tume ya Nguvu za Atomiki inadhibiti na papo hapo inahamasisha matumizi ya teknolojia hiyo. Sidai watu wa Tume hiyo hawajui kazi. Nasema kofia mbili zinakaa vibaya kichwani siku unayotakiwa kumzuia mtu uliyemshawishi.

Tuna vya kufunga hata bila kinu, navyo ni vyanzo vya mionzi vya hospitali na viwanda. Mashine ya saratani yenye kobalti-60 huhitaji chanzo kipya baada ya miaka michache, maana kikidhoofika tiba inachukua muda mrefu mno. Kilichochoka kwa daktari hakijachoka kwa kuua. Chanzo cha terabekereli 200 (kipimo cha nguvu ya chanzo) baada ya miaka 26 kinabaki na 6 na ushee. Kikiwa nje ya ngao, yaani kasha zito linalozuia mionzi, aliye mita 1 anapata zaidi ya siveti 2 (kipimo cha dozi mwilini) kwa saa. Saa mbili zinatosha kumweka kwenye hatari ya kifo. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, mashine ya sesiamu-137 iliachwa kwenye kliniki iliyohama, wauza vyuma chakavu wakaifungua, watu wanne wakafa.

Ningetaka kibali cha kuingiza chanzo kisitolewe bila mkataba wa mwuzaji kukichukua tena, pamoja na dhamana ya fedha iliyolipwa kabla meli haijatia nanga. Kampuni hufilisika, hospitali hubadilisha wakurugenzi, na gharama ya kurudisha chanzo hugeuka mzigo usio na mwenyewe.

Halafu ukaguzi wenyewe uwe wa kupima. Kuona sanduku limefungwa kufuli si ukaguzi, kwa sababu ngao tupu na yenye chanzo zinafanana kwa macho. Mkaguzi asome namba ya chanzo kwenye kibao, ailinganishe na daftari, apige hesabu ya kiasi kinachopaswa kubaki kwa tarehe ya siku hiyo, apime kwenye uso wa ngao na kwa umbali wa mita 1, kisha alinganishe na vipimo vya ukaguzi uliopita. Kipimo kikiwa chini sana ya hesabu, asifurahi. Afunge milango na aanze kuuliza kilipo.